Nani Alikuwepo Sebuleni? Pippi, Vitimbi na Kuchuja kwa Vipindi vya Zamani

Saa tisa alasiri ya tarehe 24 Desemba, jua huwa limekwisha kutua Upplands Väsby. Treni za kuelekea Stockholm, umbali wa kilomita zipatazo 25 kusini, hupita karibu tupu. Madirisha ya fleti yamepambwa kwa vinara vya taa na nyota za karatasi. Na nyuma ya mengi ya madirisha hayo televisheni imewashwa katika stesheni ileile. Kinachotazamwa ni mkusanyiko wa katuni za Disney uliotengenezwa Marekani mwaka 1958, ambao Wasweden wameutazama kila mkesha wa Krismasi tangu 1960 na kuuita kwa jina la bata wake, Kalle Anka. Katika nchi yenye watu wapatao milioni 10, watazamaji wake kwa kawaida huzidi milioni 3. Baadhi yao ni watoto ambao wazazi wao walizaliwa Mwanza, Kisumu, Mombasa au Bukavu. Watoto hao wanazijua katuni hizo kwa moyo kama wenzao wote, pengine kuliko wanavyozijua hadithi za sungura na fisi.

Mwaka 2012 mkusanyiko huo ulipunguzwa. Katika katuni ya karakana ya Baba Krismasi, iliyotengenezwa 1932, palikuwa na mwanasesere mweusi aliyechorwa kwa dhihaka iliyozoeleka Marekani ya wakati ule. Disney ilimwondoa. Zilikuwa sekunde chache tu, lakini mjadala uliofuata Sweden ulikuwa mkubwa kuliko sekunde hizo. Wapo waliosema kwamba utoto wao umekatwa kwa mkasi. Wapo waliosema kwamba kwao, utotoni, sekunde hizo hazikuwa za kucheka kamwe.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Pippi. Mfululizo wa televisheni wa Pippi Långstrump ulioongozwa na Olle Hellbom mwaka 1969, Inger Nilsson akiigiza msichana mwenye misuko miwili iliyosimama, ni hazina ya taifa kwa maana halisi ya neno hilo. Mwaka 2014 shirika la utangazaji la SVT, kwa ridhaa ya warithi wa Astrid Lindgren, liliuhariri mahali pawili. Pippi anapomtaja baba yake aliyekuwa mfalme katika kisiwa cha mbali, neno la kuwataja watu weusi ambalo leo ni tusi liliondolewa, akabaki mfalme tu. Na pale alipovuta pembe za macho yake kwa vidole ili kuwaigiza Wachina, pakakatwa.

Lililobaki halikuguswa, na hapa ndipo penye jambo la kumshughulisha mhakiki. Msichana anayeishi peke yake na farasi na kima, anayewanyanyua polisi juujuu na kuwaweka nje ya uzio wake, anayeijaribu shule kwa siku moja na kuiona haina maana, huyo hajazeeka hata chembe. Mtoto wa Upplands Väsby wa leo anamcheka polisi wa 1969 kwa kicheko kilekile alichokitoa bibi wa mwenzake. Kazi ileile basi, iliyopigwa picha kiangazi kilekile, kwa mkono wa mwongozaji mmoja, imezeeka vibaya mahali fulani na mahali pengine haijazeeka kabisa. Yeyote anayetaka kueleza kwa nini vipindi vingine hudumu na vingine havidumu angefaa aanzie hapa, kwenye kitambaa kimoja chenye rangi iliyokaa na rangi iliyotoka.

Kwani kanga huharibika kwa namna mbili. Kuna kuchakaa: uzi unalegea, pindo linafumuka, lakini nyekundu inabaki nyekundu na jina linasomeka. Na kuna kuchuja: nguo bado ni nzima, nene, pengine haijavaliwa mara kumi, lakini rangi yake imetoka katika maji ya kwanza na kuzitia doa nguo nyingine zote za beseni. Tunapozungumza juu ya vipindi vya zamani tunachanganya mambo haya mawili. Picha ya rangi moja, sauti inayokwaruza, seti ya mbao inayotikisika mlango ukifungwa, mwendo wa polepole: huko ni kuchakaa, na watazamaji husamehe kuchakaa kwa urahisi wa ajabu. Vi på Saltkråkan, mfululizo mwingine wa Lindgren na Hellbom, wa mwaka 1964, hauna rangi hata moja wala haraka yoyote, na bado unatazamwa. Kuchuja hakusameheki hivyo, na hakuna teknolojia ya kukurekebisha. Mtu anaweza kusafisha kila fremu ya filamu hadi ing'ae, na dhihaka iliyomo ikang'aa pamoja nayo.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba nyakati zimebadilika, na maadili pamoja nazo. Jibu hilo ni kweli, ila halisaidii kitu. Nyakati zimembadilikia pia polisi wa Pippi, na bado anachekesha. Tofauti inaonekana mtu anapouliza swali la kawaida sana, la kinyumbani: kipindi kilipotengenezwa, nani alifikiriwa kuwa ameketi sebuleni? Polisi wa Sweden ya 1969 walikuwa na televisheni, na watoto wao walikuwa mbele yake. Walimu walikuwepo. Wazazi wenye amri nyingi walikuwepo zaidi ya wote. Pippi aliwacheka watu waliokuwa na kiti chumbani mle, ambao wangeweza kununa, kucheka au kuandika barua kwa mhariri. Mtoto mweusi na mtoto mwenye asili ya China hawakutarajiwa. Mzaha ule uliwezekana kwa sababu viti vyao vilidhaniwa kuwa vitupu. Leo viti hivyo vina watu, na mzaha hauna pa kusimama.

Nadharia ndogo kama hii ni rahisi kuijenga kwa mifano ya wengine. Inafaa ipimwe kwa vya nyumbani.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miongo karibu mitatu, hadi KTN ilipofunguliwa 1990, ilikuwa sauti moja ya serikali: kwanza KBC, kisha Sauti ya Kenya, kisha KBC tena. Sweden nayo iliishi na televisheni ya umma pekee hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Nchi hizi mbili, zisizofanana kwa lolote jingine, zilifanana katika hili: jioni moja, kipindi kimoja, kicheko kimoja. Lakini kulikuwa na tofauti yenye uzito. Sweden kila familia ilitazama kwake. Kenya, seti ya televisheni ilikuwa ya nyumba moja na watazamaji wakawa wa mtaa mzima. Katika mitaa ya Nairobi kama Kaloleni au Jericho, mwenye runinga alikuwa mwenye wageni. Wazee walipewa makochi, wanawake mikeka na viti vya jikoni, watoto sakafu, na waliochelewa dirisha. Katika sebule ya namna hiyo, Mluo, Mkikuyu, Mluhya, Mkamba na Mmijikenda walikaa goti kwa goti.

Hiyo ndiyo sebule iliyowapokea Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang' Hatari aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Mwigizaji alikuwa Mkikuyu. Mhusika alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na kwa ufundi uliowafanya watazamaji wengi waamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya mama yake. Kwa maelezo haya matupu, kipindi hiki kingepaswa kuwa kimechuja zamani. Mtu wa kabila moja anaiga matamshi ya kabila jingine ili watu wacheke: ni nini hicho kama si kuvuta pembe za macho kwa vidole?

Na bado mtazamaji wa Kenya anayekitazama leo, Mluo au asiye Mluo, haoni hivyo. Sababu ya kwanza ni ile ya viti. Lafudhi ile iliigizwa mbele ya wenyewe, wiki baada ya wiki. Kila koma iliyokosewa ingesahihishwa na jirani aliyekaa mkekani, na kesho yake kazini mwigizaji wa mtaani asiyejua kuiga vizuri angeaibishwa. Lafudhi inayochekwa mbele ya mwenyewe hulazimika kuwa sahihi, na lafudhi sahihi huanza kuwa mtu. Sababu ya pili inatokana na hiyo. Mzee Ojwang' hakuwa matamshi tu. Alikuwa na mke, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, na mke huyo hakuwa mtu wa kushindwa kwa urahisi. Alikuwa na majivuno ya mume asiyetaka kuonekana amepungukiwa, na uchovu wa mtu mzima mjini. Ukimwondolea lafudhi, visa vingebaki. Mwanasesere wa 1932, ukimwondolea dhihaka, habaki na kitu, ndiyo maana iliwezekana kumkata bila kuacha pengo.

Vioja Mahakamani kinafika mbali zaidi, na pengine ndicho kipindi cha Kiswahili kilichoelewa zaidi suala la lugha na mamlaka kabla ya wataalamu wa isimujamii kuliandikia makala. Mpangilio wake ni sahili hadi kufikia utupu: kizimba, kiongozi wa mashtaka, hakimu, mshtakiwa. Mahakama inazungumza Kiswahili sanifu, kilichopigwa pasi. Mshtakiwa, awe Ondiek Nyuka Kwota au mwingine, anazungumza Kiswahili alichokipata njiani, chenye vumbi la kwao. Anaulizwa swali la kisheria naye analijibu kwa maana yake ya kawaida. Anaambiwa ajibu ndiyo au siyo, naye anaanza safari ndefu kutoka kwa shangazi yake. Hadhira inacheka. Inamcheka nani? Kwa nusu ya kwanza, inamcheka mshtakiwa asiyejua lugha ya mahali pale. Kwa nusu ya pili, kicheko kinahama bila kutangazwa na kuiangukia mahakama, kwa kuwa inabainika kwamba maneno yake mazito hayawezi kukishika kisa chepesi cha mtu aliyeiba kuku. Kiswahili sanifu chenyewe kimegeuka kuwa lafudhi mojawapo, lafudhi ya wenye kalamu.

Hilo ndilo linalokosekana katika kipindi ambacho Wakenya wengi wa umri fulani wanakikumbuka sambamba na hivyo: Mind Your Language. Kilitengenezwa Uingereza na kampuni ya LWT kati ya 1977 na 1979, kikasitishwa kikiwa bado na watazamaji wengi kwa sababu msimamizi mmoja, Michael Grade, alikiona kinawadhalilisha wageni. Kisha kikauzwa nje, na kikapendwa mno India, Nigeria na Kenya. Mwalimu wa Kiingereza, Bwana Brown, anafundisha darasa la jioni jijini London: Mhispania, Mtaliano, Mpakistani, Singasinga, Mjapani, Mchina, Mjerumani, Mfaransa. Kuna hata Msweden, Ingrid, aliyeigizwa na Anna Bergman, binti wa mwongozaji filamu Ingmar Bergman, jambo linalofaa kukumbukwa na yeyote anayeamini kwamba vichekesho na sanaa ya juu haviishi nyumba moja. Kila mwanafunzi amepewa kosa lake na msemo wake, naye huurudia hadi mwisho wa mfululizo. Mhusika mwenye msemo mmoja tu hana namna ya kuzeeka. Hukaririwa tu, kama kengele ya mlango.

Miongoni mwa wanafunzi wa kudumu wa darasa lile hamna Mwafrika hata mmoja. Mtazamaji wa Nairobi alipewa kiti kizuri mno: aliketi upande wa Bwana Brown. Alikuwa amefundishwa Kiingereza kwa kiboko na kwa kibao cha aibu kilichotundikwa shingoni mwa aliyethubutu kusema lugha ya mama. Ghafla hapa wakawapo watu wengine waliokosea, tena Wazungu miongoni mwao, naye akajua jibu kabla yao. Kicheko kile kilikuwa na utamu wa kulipiza. Hakuna haja ya kukilaumu. Ila kulikuwa na kinyume cha mambo ambacho hakuna aliyekitambua wakati ule. Kosa la Taro, Mjapani, lilikuwa kuongeza irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza. Waliomcheka walitoka kazini kwa basi, wakapita benki, wakavaa koti na kubeba kitabu cha posta. Walimcheka mtu kwa kufuata kanuni ileile iliyoijenga nusu ya misamiati ya kisasa ya lugha yao.

Upplands Väsby, kama kila manispaa ya Sweden, ina wajibu wa kuwafundisha wageni lugha bila malipo, katika mpango unaojulikana kwa herufi tatu, SFI. Mtu mzima aliyefika kutoka Dar es Salaam, Eldoret au Goma huketi darasani na Msyria, Mwafghani, Mthai, Mpoland na Mweritrea. Mbele yao ni mwalimu mwenye subira. Neno la Kisweden la lugha huanza kwa konsonanti tatu zilizofungwa pamoja kama kuni, na ulimi wa Kiswahili huingiza irabu katikati ili upate pa kukanyaga. Darasa linatabasamu. Wale walioketi na Bwana Brown zamani sasa wamehamishiwa upande wa Taro.

Mtu aliyehama hivyo akikitazama tena kipindi kile anapata tajriba isiyo ya kawaida: hakuna kilichobadilika kwenye kanda, hata neno moja, na bado ni kipindi kingine. Baadhi ya vichekesho vinamwuma. Vingine, na hili ni la kushangaza, vinampendeza kuliko zamani, kwa maana sasa anawaona wanafunzi na si makosa yao tu. Anaona ukaidi wa Mhispania anayejibu kwa uhakika asichokielewa, na anaujua ukaidi huo, maana bila huo hakuna mtu mzima anayejifunza lugha. Anaona kwamba baada ya saa za darasa wanafunzi hao wamekuwa marafiki. Waliomo wanaonekana walistahili kuandikwa vizuri zaidi. Huo si ushahidi kwamba kipindi hakikuchuja. Rangi imetoka, ila chini yake kuna mfumo wa nyuzi ambao mtengenezaji mwenyewe hakuujali.

Hapa inabidi kuwa mwadilifu kwa upande wa pili pia. Ile sebule ya mtaa wa Nairobi haikuwa pepo. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, majirani waliocheka pamoja waliulizana majina, na palipokosekana kitambulisho matamshi ya neno moja yaliweza kumtambulisha mtu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ikapitishwa mwaka huo wa 2008. Tangu hapo kuna watazamaji wa Kenya wasioweza kuisikia lafudhi ya kuigiza bila kusikia nyuma yake mlango unaogongwa. Si kosa la Benson Wanjau. Lakini si halali kusema kwamba Vitimbi kimebaki kama kilivyokuwa, kwa sababu kiti cha mkekani, kile cha jirani, katika nyumba fulani kilibaki kitupu. Kipindi kilichokuwa salama kwa sababu wote wapo kinapata baridi mmoja anapoondoka. Hilo linafanya hoja ya viti kuwa nzito kuliko ilivyoonekana mwanzoni: uzee wa kipindi unaamuliwa na waliokuwemo na pia na waliotoka.

Kuna aina mbili nyingine za kuzeeka ambazo hazihitaji maneno mengi. Moja ni ya vipindi vya kufundisha. Tushauriane, tamthilia ya Kenya ya mwaka 1987 iliyotungwa kuhimiza uzazi wa mpango kwa mbinu zilizotoka katika televisheni ya Mexico, ilikuwa na kazi ya kufanya, na kipindi chenye kazi hustaafu kazi ikiisha. Kinachoweza kudumu humo ni pale mhusika mbaya, aliyewekwa ili akataliwe, alipopewa kwa bahati mistari mizuri kuliko mwema. Ya pili ni ile inayotoka nje kabisa ya kazi. The Cosby Show, kilichoanza 1984 na kumalizika 1992, kiliwawekea weusi wa dunia nzima kiti walichokikosa, tena cha mbele. Kisha mashtaka dhidi ya mwenye kipindi yakaingia sebuleni na kuketi juu ya kiti kilekile. Vituo kadhaa vikaacha kukirudia. Hapo hakuna sekunde za kukata.

Tatizo la Kiswahili, hata hivyo, liko mahali pengine, na linaonekana vizuri zaidi kutoka Sweden kuliko kutoka Nairobi. Tangu 1979 Sweden imekuwa na hifadhi ya taifa ya sauti na picha, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Maktaba ya Kifalme. Mwaka 2013 SVT ilifungua mtandaoni hifadhi ya vipindi vyake vya zamani kwa umma. Mwanafunzi wa sekondari aliyeketi katika jengo la Messingen, karibu na stesheni ya Upplands Väsby, anaweza kukiona walichokicheka babu za wenzake, akakihukumu na kukiandikia insha. Kesi ya Pippi iliwezekana kwa sababu Pippi yupo. Huwezi kuhariri usichokuwa nacho.

Akitaka kukiona alichokicheka mama yake, mwanafunzi huyo atakuta vipande. YouTube ina visa vya Vioja Mahakamani, vingi vya miaka ya karibuni, na vijipande vya Vitimbi vilivyorekodiwa kutoka kwenye rekodi nyingine, picha ikitetemeka pembeni. Vile vya miaka ya 1980, vile hasa vinavyotajwa katika maongezi ya harusini na matangani, ni adimu. Kwa Mtanzania wa bara hata hivyo havipo, kwa kuwa bara haikuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kumbukumbu yake ni ya Redio Tanzania: Pwagu na Pwaguzi, sauti mbili bila nyuso, zilizosikilizwa barazani na yeyote aliyepita njiani, kiti au bila kiti.

Kipindi kisichoonekana hakichuji. Kinahifadhiwa kichwani, na kichwa ni mhariri mkali kuliko SVT: kinakata bila ridhaa ya warithi na bila kutangaza gazetini. Ndiyo maana mtu wa ughaibuni anaweza kuapa kwamba vichekesho vya kwao vilikuwa safi, vya busara, visivyomuumiza mtu, huku akishangaa jinsi vya Wasweden vilivyojaa madoa. Analinganisha nguo iliyo kambani juani na nguo anayoisimulia. Hoja yenyewe ya viti, kama ilivyowekwa hapa kwa faida ya Vitimbi, inaegemea vipande na kumbukumbu. Kanda za miaka ile zikipatikana zote na kutazamwa kuanzia mwanzo, baadhi ya visa vitatia aibu. Vitakuwemo vya kuwadharau wafanyakazi wa nyumbani, kwa mfano, ambao mara nyingi walitazama wakiwa wamesimama mlangoni na mwiko mkononi, na ambao hakuna aliyewauliza kama wamecheka. Mhakiki wa Kiswahili angepaswa kuitamani aibu hiyo. Fasihi andishi ya Kiswahili ya karne ya 19 inasomwa leo pamoja na utumwa wake wote, kwa sababu tu kuna mtu aliyeziweka karatasi mahali pakavu.

Kwa sasa njia inayobaki ni ya zamani zaidi. Mama anasimama katikati ya sebule ya Upplands Väsby na kumwigiza Mzee Ojwang', mikono nyuma, kidevu juu. Watoto wanamtazama kwa adabu. Hawacheki. Hawajawahi kuwa na jirani Mluo, na Kiswahili chenyewe kwao ni cha mezani na cha simu ya Jumapili. Hawawezi kusikia kilichopindishwa kwa kuwa hawajui kilichonyooka. Anajaribu tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha anakasirika kidogo na kuwaambia kwa Kisweden wazime simu zao, na mdogo wao anairudia sentensi hiyo palepale, irabu ya ziada na yote, kidevu juu, mikono nyuma, kwa usahihi wa kutisha. Kimya cha sekunde moja. Wote wanamwangalia mama waone atafanya nini.